Abiria wa Kiti cha Mbele

Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, nyekundu, na ilikuwa inasema uongo.

Ilichora mtu aliyeketi na mkanda umempita kifuani, maana yake abiria wa mbele hajafunga mkanda. Taa hiyo kila dereva anaijua. Ila asubuhi ile ya Ijumaa kiti cha mbele hakikuwa na abiria. Hakikuwa na mkoba, wala mfuko wa vitunguu, wala hata gazeti. Kilikuwa kitupu kama ahadi ya mlevi, na bado dashibodi inalia ting, ting, ting, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko akidai asikilizwe.

"Imeanza lini hii?" akauliza Fundi Kibiriti. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

"Wiki ya pili sasa," akajibu dada yake kutoka kiti cha nyuma. "Inawaka tukifika mzunguko wa barabara kuu. Inazimika kwenye kona ya tanuri la matofali. Kila safari, hapo kwa hapo."

"Taa haijui kona, dada. Taa ni waya."

Jina la Kibiriti hakulipata kwa wembamba wake. Alilipata kwa wepesi wa kuwaka. Aliwahi kuitukana nati iliyoshika kutu mpaka ikalegea yenyewe, na hapo siongezi chumvi, walioshuhudia wapo na nati ipo. Kwa upande wa giaboksi hakuwa na mpinzani. Alikuwa anaweka kiganja juu ya mkono wa gia, anafumba macho, anakuambia ni jino gani limelika na ni la upande gani. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo koo lake halikuweza kulipitisha, nalo ni samahani. Mkewe alilisubiri miaka kumi na moja, mwisho akafunga mizigo, akaenda kulitafuta kwingine.

Gari lilikuwa la dada yake, mwalimu, na kazi yake kubwa ilikuwa moja tu: kumpeleka mama yao hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Figo za mama zilikuwa zimestaafu bila kuaga. Zamu yake kwenye mashine ni saa nne kamili. Ukichelewa, anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini. Daktari alishawaeleza bila kupaka sukari: akikosa mara moja atavimba, akikosa mara mbili mfululizo wasije kumuuliza yeye maswali.

"Mwacheni," akasema mama, ambaye alikuwa amejikunja dirishani na mtandio wake. "Anashuka pale tanuri."

"Nani, mama?"

"Huyo wa mbele. Hana neno na mtu. Mgongo wake tu ndio mpana, ananizibia njia."

Kibiriti akamtazama dada yake kwenye kioo. Dada akainua mabega. "Anasema hivyo tangu taa ianze."

"Ni dawa hizo," Kibiriti akanong'ona.

Sasa, chini ya kiti kama kile kuna kidude kinachopima uzito. Dawa yake ni kufungua kiti, kukisafisha kidude na kukaza soketi yake. Ni kazi ya nusu siku. Lakini gereji Kibiriti alikuwa ameacha magari mawili juu ya mawe, na ile ting ting ilikuwa inamchoma masikio. Basi akafanya wanachofanya mafundi na madereva wote wakishachoka kupigiwa kelele na gari: akanyoosha mkono wa kushoto, akauvuta mkanda wa kiti kitupu, akauchomeka. Klak. Taa ikazimika, kelele ikakatika.

"Kwisha habari," akasema. "Kompyuta imedanganyika."

Mama akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mwanangu, umemfanya nini?"

Harufu ikaja kabla ya jibu. Ilikuwa harufu ya jiwe lililopigwa kwa jiwe, ile inayokauka puani na kuacha ladha ya chuma ulimini. Walipofika kona ya tanuri, gari likajikwaa, ingawa barabara ilikuwa laini kama kiganja. Injini ikalia juu, magurudumu yakakataa, gia ikateleza kama mguu uliokanyaga sabuni, kisha ikashika kwa kishindo kilichowapigisha meno. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya injini, ya rangi ya chungwa. Ikafuata ya breki. Ikafuata ya oili. Hospitali walifika, ila kwa gia ya pili mwendo wote, na Kibiriti alishuka amekunja uso kana kwamba gari limemtukania ukoo.

*

Jumamosi akalipandisha gari juu ya jeki. Akamwaga oili ya giaboksi kwenye beseni. Oili ilikuwa safi, nyekundu, inapenyeza mwanga. Lakini alipoinusa, ilikuwa inanuka kuungua. Fundi wa miaka ishirini na mbili kazini akaganda na kidole puani. Oili iliyoungua huwa nyeusi, na hilo hata mke wa fundi analijua.

Akafungua giaboksi yote. Meno mazima, sahani nzima, chujio halina hata unyoya. Akairudisha, akatia oili mpya, akapiga kifua mbele ya mafundi wenzake kwamba sasa hata rais wa magari akija hatapata kosa.

Jumatatu gari likamgomea palepale kona ya tanuri. Likajitoa gia katikati ya barabara, likakaa kama ng'ombe aliyechoka. Akakanyaga mafuta, akapiga usukani ngumi, akalitukana kuanzia kiwanda mpaka boneti. Barabara ile haina magari mengi. Lilipopatikana la kuwavuta, saa nne ilikuwa imeshapita zamani, na mashine ya mama ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Jioni ile miguu ya mama ilivimba hadi viatu vikakataa kuvuka visigino. Dada yake akasimama mlangoni mwa gereji na kiatu kimoja mkononi.

"Umekiona hiki? Leo asubuhi kilimtosha."

"Naleta giaboksi nyingine kesho."

"Kila siku unaleta. Mdomo wako una gia nyingi kuliko magari yote humu ndani."

"Dada, usinipandishe."

"Nikupandishe wapi, na uko juu tangu uzaliwe? Mama akinifia kwa sababu ya kiburi chako, mdogo wangu, nitakuzika wewe kwanza."

Alikuwa hapigi kelele. Dada yake alikuwa hasira zake anazisema kwa sauti ya chini, na hizo ndizo zilizomuuma Kibiriti kuliko matusi ya soko zima.

Jumanne saa saba mchana, jua likiwa katikati ya kichwa, mafundi wenzake wakiwa wamekwenda kula, Kibiriti alikuwa amelala chali chini ya gari. Giaboksi ya zamani ilikuwa chini, kando yake. Betri alikuwa ameshaichomoa. Gari lile muda huo lilikuwa bati na viti tu. Ndipo aliposikia, juu yake, ndani ya gari, kitu kikigeuka kwenye kiti. Springi zikalia kama zinavyolia chini ya mtu mzima aliyechoka kukaa. Halafu mkono wa gia ukatembea wenyewe, tak, tak, tak, ukaenda mwanzo hadi mwisho na kurudi, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango asioujua.

Akatoka taratibu. Akainuka. Akachungulia dirishani.

Taa zote za dashibodi zilikuwa zinawaka, bila betri. Na ule mkanda wa kiti cha mbele, ambao tangu Ijumaa ulikuwa bado umechomekwa na ulipaswa kulala bapa juu ya kitambaa, ulikuwa umesimama hewani, umevimba mviringo, umezunguka kitu kipana kisichokuwapo, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama unavyofanya mkanda juu ya kifua cha mtu anayehema kwa ghadhabu.

Mtu mwingine angekimbia. Kibiriti akawaka.

"Shuka kwenye gari la dada yangu," akasema, na akapitisha mkono dirishani kubonyeza kitufe cha mkanda.

Kitufe hakikubonyea. Kilimchoma, vidole viwili vikatoka malengelenge papo hapo. Akachukua kisu cha kukatia mipira, akayapitisha makali yake kwenye mkanda, akakandamiza kwa nguvu zote. Kisu kikapinda kama kijiko cha bati. Mkanda ukakaza zaidi, na kutoka kwenye kile kiti kitupu ukatoka mguno mzito, wa chini, kama giaboksi kubwa ya lori inayosagana bila oili.

*

Dada yake ndiye aliyemleta Mama Magodoro, jioni ileile. Huyu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya glasi nene, mshona magodoro ya pamba, na upande wa pili wa kazi yake ulikuwa kutoa vitu vilivyolala kwenye magodoro ya watu. Alikuja na sindano yake ya kushonea imechomekwa kifuani. Hakuleta moshi wala kengele. Alizunguka gari mara moja, akaweka sikio kwenye mlango wa mbele kama anayesikiliza mtoto tumboni, kisha akarudi nyuma hatua tatu.

"Nani alimfunga?" akauliza kwa sauti ndogo.

Dada akamtazama Kibiriti. Kibiriti akatazama spana.

"Huyu alikuwa mpita njia," Mama Magodoro akanong'ona. "Anapanda mzungukoni, anashuka tanurini kwake. Wako wengi tu, wanapanda magari ya watu na hawamgusi mtu. Huyu ni jini mwenye adabu zake. Sasa mwaka gani umeona abiria anafungwa kitini, anapitishwa kwao mara ngapi sijui, anaona nyumba yake kwa dirisha na hashuki? Hata mimi ningevunja gari."

"Tufanye nini, mama?" dada akauliza.

"Mimi sina kazi hapa. Aliyefunga ndiye atakayefungua. Ampeleke hadi tanurini, asimamishe gari, amwombe radhi kwa mdomo wake, ndipo afungue. Na siku akipanda tena, mmwachie kiti chake. Apande, ashuke. Msimguse."

"Nimwombe radhi nani?" Kibiriti akasema. "Kiti? Mimi nimefungua giaboksi kabla huyu hajajua gari ni nini."

"Baba," Mama Magodoro akasema, akiiweka sawa miwani, "huo mkanda umekazwa na hasira. Ongeza tu, tuone nani atachoka mwanzo."

Usiku kucha Kibiriti akafunga giaboksi nyingine. Alifunga kila nati kama anayeinyonga.

Jumatano saa mbili asubuhi, dada yake alikuwa ametoka kutafuta teksi. Alikuwa amemwambia wazi: gari lile mama hapandi tena. Lakini Kibiriti alipomwona mama ameketi kizingitini, uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari, pumzi inakwenda kwa kukopa, kitu kikampanda kichwani. Teksi imbebe mama yake, wakati yeye mwenyewe ni fundi yupo hai? Gereji nzima watacheka hadi mbavu ziwaume. Akambeba mama mikononi, akamweka kiti cha nyuma, akawasha gari.

Lilikwenda kama maji. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, huwezi hata kusikia zinavyobadilika. Kibiriti akaanza kutabasamu.

"Unaona, mama? Nilisema ni giaboksi."

"Amenyamaza," mama akasema kwa taabu. "Akinyamaza hivi, mwanangu, mimi naogopa."

Kona ya tanuri ikatokea, na milango yote minne ikajifunga kwa pamoja, na zile taa zikaanza kuwaka moja moja, ya injini, ya breki, ya oili, ya betri, ya moto, na nyingine ambazo Kibiriti katika miaka yake yote hakuwahi kuziona kwenye gari lolote, moja ina umbo la mkono, moja ina umbo la mdomo uliofumbwa, na ile harufu ya jiwe ikajaa hadi machozi yakamtoka, na mkono wa gia ukachomoka kwenye kiganja chake, ukatoka D, ukapita N, ukaingia rivasi kwa kishindo, na gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kwa makusudi, likaacha lami, likaingia kwenye vumbi jekundu la tanuri, likielekea kule nyuma kwenye shimo walikokuwa wakichimba udongo wa matofali, shimo ambalo sasa lilikuwa limejaa maji ya kijani yasiyojulikana kina, na breki alizikanyaga kwa miguu yote miwili lakini zilikuwa laini kama ugali, na pembeni yake mkanda unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na mama nyuma hapigi kelele, anahesabu pumzi zake tu.

"Acha!" Kibiriti akanguruma. "Nitakuchomea humu humu na kiti chako!"

Gari likaongeza mwendo.

"Siku tano," ikasema sauti. Haikutoka kitini. Ilitoka chini, kwenye giaboksi mpya, maneno yakisagwa kati ya meno ya chuma. "Siku tano nimefungwa, na mlango wangu nauona kwa dirisha."

"Mama yangu ni mgonjwa, wewe kiumbe huna haya?"

"Na mimi nina mama."

Kibiriti akafungua mdomo kujibu, na kwa mara ya kwanza maishani tusi halikuja. Kwenye kioo aliona maji ya kijani yamelijaza dirisha la nyuma, na katikati yake kichwa kidogo cha mama yake kimeinama. Tairi la nyuma likaning'inia, gari likaegama.

"Sa," akasema. Likakwama. Akameza, akajaribu tena, jasho linamtiririka kama anasukuma lori mlimani. "Samahani. Nilikosea. Nilikufunga bila kukuuliza. Nisamehe, mama yangu asife kwa sababu yangu."

Gari likasimama, tairi likarudi kwenye nchi kavu.

Akanyoosha mkono wenye malengelenge. Safari hii kitufe kikabonyea, kikiwa baridi. Mkanda ukarudi taratibu, ukiteleza juu ya kitu hadi ukalala. Mlango wa mbele ukafunguka. Gari likainuka upande ule kama limeshushwa gunia la saruji. Katika vumbi jekundu hakikuonekana unyayo, ila vumbi lenyewe liligawanyika, njia nyembamba ikaenda hadi kwenye kinywa cheusi cha tanuri. Hapo ikasimama. Sauti ikarudi, sasa kutoka mbali:

"Na wewe siku tano."

Mlango ukajifunga, taa zote zikazimika.

*

Saa nne kasoro dakika tatu walikuwa mlangoni mwa hospitali. Wauguzi walimwinua mama wakamkimbiza kwenye mashine, na damu yake ikasafishwa, na mtu yule yupo hai hadi leo, anabishana na majirani kuhusu kuku. Hilo nilitaka mlijue mapema, maana yanayofuata ni ya Kibiriti peke yake.

Alipotaka kushuka, hakuinuka. Mkanda wake aliufungua, ukafunguka bila tatizo. Miguu ilikuwa mizima. Lakini makalio na kiti vilikuwa kitu kimoja. Wauguzi wawili na mlinzi walimvuta, gari likasogea, yeye hakusogea.

Siku tano Fundi Kibiriti alikaa nyuma ya usukani. Alilala hapo. Alilishwa hapo kwa kijiko, kupitia dirishani. Kuhusu mambo mengine, kulikuwa na chupa na kulikuwa na beseni, na siendelei kwa sababu kuna watu wanasoma wakila. Ijumaa alimpeleka mama hospitali, na muda wote wa mashine alisubiri uwanjani mwa hospitali huku akitukana jua. Mafundi wenzake walikuja kumtazama kwa zamu.

"Fundi, siku hizi ofisi ni ya kukaa," mmoja akasema. "Umepanda cheo."

"Nikitoka humu nitakuvunja meno."

"Ukitoka," yule akasema, na wote wakaanguka kwa kicheko.

Wenzake walicheka, na yeye kila kicheko alikihifadhi. Tangu Jumatano hadi Jumatatu hasira ilikaa ndani yake kama supu inayokauka jikoni, inazidi kuwa nzito na chungu. Dada yake alidhani amejifunza. Alikuwa anamlisha, anampangusa mdomo, anamwambia pole mdogo wangu, yataisha.

Jumatatu asubuhi, siku tano zilipotimia, akiwa amepaki mbele ya nyumba na mama ameshaketi nyuma tayari kwa safari, kiti kikamwachia. Akaanguka nje kama gunia. Akalala chini kidogo. Akainuka. Hakumsalimia mtu. Akafungua buti, akatoa spana namba kumi na nne.

"Unafanya nini?" dada akauliza.

Akaingia upande wa abiria, akafungua boliti nne za kiti cha mbele, moja baada ya nyingine. Akakikata waya. Akakinyanyua kiti kizima na mkanda wake, akakirusha kwenye majani, akakipiga teke, halafu akakipiga la pili.

"Umesahau alivyosema yule mama?" dada akanong'ona. "Alisema aachiwe kiti chake."

"Kiti gani? Unakiona kiti?" Kibiriti akaingia nyuma ya usukani, akapiga mlango. "Apande sasa. Aning'inie kwenye paa kama nguo."

Dada akaketi nyuma karibu na dirisha, mama dirisha la pili. Wakaondoka. Kule mbele, palipokuwa na kiti, palibaki bati tupu na matundu manne. Walipofika mzunguko wa barabara kuu, gari likapungua mwendo lenyewe, kidogo tu, kama dereva muungwana aliyeona mtu amenyoosha mkono kando ya barabara.

Kibiriti akakaza usukani. Dashibodi ilikuwa kimya. Hakuna taa hata moja.

Ila nyuma yake akamsikia mama akijivuta, akikusanya mtandio wake, akisogea hadi bega likagusa mlango.

"Sogea, mwanangu," mama akamwambia dada kwa upole. "Sogea, apate pa kukaa."